Msimkatize, Anafikiri

Zacharie alituma habari kwamba angefika Kisangani siku ya Jumamosi, na kwamba akirudi Yanonge, kwao chini ya mto, atarudi na mdogo wake. Hakuuliza. Katika ukoo wao kaka mkubwa, yaya kwa lugha yao, haulizi, anajulisha. Habari ililetwa na mwanamke aliyepanda kutoka huko na mizigo ya samaki, na Fanny aliipokea sokoni akiwa na kisu mkononi. Alimkata samaki wa mteja vipande vidogo mno hata mteja akamwuliza kama anamkatia paka.

Mdogo wake Zacharie ni Nicolas, mume wa Fanny. Nyumba yao iko Simi-Simi, nyuma ya uwanja wa zamani wa ndege, nyumba ya matofali yenye baraza linaloangalia njia. Kwa miaka mingi Nicolas alifanya kazi kwenye uwanja mpya, Bangboka, upande wa mizigo, mpaka kiharusi kilipompiga asubuhi moja akiwa anafunga viatu. Mkono wa kulia ulikufa. Mguu ulirudi nusu. Maneno hayakupotea, ila yalitoka polepole, kama mtu anayepita mlango mwembamba na mzigo kichwani, na watu wengi hawakuwa na subira ya kungoja mzigo upite.

Hapo ndipo shida ilipozaliwa. Zacharie alikuwa akipiga simu kutoka Yanonge. Anasalimu, anasikia kimya, anasalimu tena kwa sauti ya juu, na kabla Nicolas hajalifikisha neno mdomoni, mtandao umekatika. Baada ya simu za namna hiyo, huko nyumbani ikajulikana kwamba Nicolas hana akili tena, umebaki mwili tu, na kwamba si haki mke wa mjini kumweka barazani kama kiti. Uamuzi ulipitishwa kwa huruma. Wangemrudisha kwao, wangempa samaki wabichi, dada zake wangemwogesha.

Hiyo huruma ndiyo iliyomtisha Fanny. Mtu mbaya angemjibu. Mtu mwenye huruma unamjibu nini? Alijua kwamba huko Yanonge hapakuwa na mtu wa kumnyoosha mume wake vidole kama alivyofanya kijana mmoja wa hospitali, na zaidi ya hapo alijua kwamba hakuna ambaye angekaa kungoja neno lake. Mtu asiyengojwa huacha kusema. Fanny alikwisha kuliona hilo kwa mama yake mzazi, aliyeanza kwa kunyamaza mezani na kumalizia kwa kunyamaza kila mahali.

Kitu kimoja kilikuwa bado kinamwamsha Nicolas, nacho ni briji. Mchezo huo wa karata aliupata Bangboka, kwa marubani waliokuwa wakikwama na mvua, akaupenda kuliko wao. Naye akawafundisha wenzake wawili wa kazi. Mmoja ni Papa Assumani, mtu wa Maniema aliyekuwa akipima mizigo, asiyekosa swala wala mzaha. Mwingine ni Mama Josée, muuguzi wa kile chumba kidogo cha dawa pale uwanjani. Wa nne wao, Benie, mtoto wa Nicolas na Fanny, alihamishiwa Opala mara tu baada ya ugonjwa kuingia. Briji haichezwi na watu watatu. Wakamgeukia Fanny.

“Miye?” alishtuka. “Miye niliacha masomo darasa la tano!”

“Kila mutu anapata karata kumi na tatu,” Assumani akamwambia. “Ukiweza kuhesabu mpaka pale, masomo imetosha. Ukizidi pale unaanza kutusumbua.”

Basi alijifunza, kwa hofu, kama anavyofanya kila kitu. Mchezo wenyewe, ukiuvua nguo zake, si mgumu kuueleza. Watu ni wanne, na wawili wanaotazamana ni upande mmoja. Karata ni za namna nne: piki, moyo, karo na maua. Katika kila duru kila mtu anatoa karata moja, ya namna ile ile iliyotangulia kama anayo, na iliyo kubwa inazoa zote nne, na mkono uliozoa ndio unaoanza duru inayofuata. Asi inamshinda mfalme, mfalme anamshinda bibi, bibi anamshinda kijana, na kuendelea kushuka. Kabla ya kuanza, pande mbili zinashindana kwa ahadi: sisi tutazoa duru nane, sisi tisa. Upande wenye ahadi kubwa ndio unaocheza, kwa mkono wa yule aliyeifungua ahadi hiyo kwanza. Mwenzake anafunua karata zake zote mezani na kukaa kimya, na mchezaji anazitumia za mikono yote miwili, wa kwake na ule wa mezani. Kwa Kifaransa yule aliyefunua huitwa maiti. Fanny alikataa kabisa neno hilo lisikike kwenye baraza lake, wakakubaliana kumwita mgeni, kwa kuwa mgeni anakaa, anaheshimiwa, na hafanyi kazi.

Kosa la Fanny lilikuwa moja, nalo alilitoa sokoni. Muuza samaki anaanza kumwuza yule mkubwa, maana jua halimngojei mtu. Kwa hiyo akipata asi mkononi, anaitupa mara moja kabla haijaoza. Siku moja mezani palikuwa na maua mengi, yakiongozwa na asi na mfalme. Akawatupa wote wawili haraka haraka, halafu akalazimika kuwapa wapinzani duru ya tatu. Kuanzia hapo maua madogo yaliyobaki yalikuwa na nguvu zote, kwa sababu wengine hawakuwa na maua tena. Lakini na yeye mkononi mwake hakuwa na ua hata moja la kurudia mezani. Yakalala pale mpaka mwisho.

“Unaona hawa watoto?” Assumani aliyagonga kwa kidole. “Wazima wote, wanene wote, na wanalala njaa. Mama yao ameenda soko na ufunguo mu kitambaa.”

Josée alicheka mpaka akafuta macho. Nicolas hakucheka. Baada ya kitambo alisema:

“Hesabu... kwanza. Halafu... gusa.”

Ndivyo alivyocheza yeye. Karata ya kwanza ya mpinzani ikishatua, Nicolas haigusi yake. Anaziacha zikae kwenye ubao wenye mfereji ambao Assumani alimchongea ili azishike bila mkono wa kulia, anaweka mkono mzima juu ya goti, na anazitazama za kwake na za mezani mpaka apate njia nzima, tangu duru ya kwanza hata ya mwisho. Marubani walimzoeza hivyo. Mbele ya mchezo huu hakuna aliyemwambia afanye haraka, na labda ndiyo sababu ugonjwa ulishindwa kuuchukua.

Jumamosi hiyo mvua ilikatika baada ya chakula cha mchana. Fanny alitaka kuficha karata kabla Zacharie hajafika, avalishe mume wake shati la kanisani na kumkalisha vizuri.

“Umukalishe kama picha?” Josée akamwuliza. “Yaya yake amukute kazini. Kaa chini, Mama Benie.”

Akamkuta kazini kweli. Zacharie alishuka kwenye toleka, baiskeli ya kubebea abiria, akiwa na suruali iliyokunjwa hadi magotini, mtu mrefu, nahodha wa mashua ya mbao inayopandisha ndizi na watu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na injini.

“Nicolas! Mudogo wangu! Mbote!”

Nicolas aliinua macho. Midomo yake ilianza kujipanga.

“Mbote, Yaya Zacharie,” Fanny akadakia. “Anakusalimia. Alikungoja tangu asubuhi. Habari ya njia?”

Zacharie akamgeukia yeye, kisha Assumani, kisha Josée, na mikono ikashikwa, na mvua ikalaumiwa. Alipokuwa tayari amevuta kiti, ndipo sauti ikatoka nyuma yake:

“Mbote... Yaya.”

Hakuna aliyeisikia isipokuwa Fanny. Zacharie alikuwa anaeleza jinsi matope yalivyoimeza toleka hadi kwenye mnyororo.

Josée akagawa karata. Zacharie alikaa pembeni, mikono kifuani, akimtazama mdogo wake alivyokuwa akizipanga kwenye ubao moja moja kwa mkono wa kushoto. Uso wake ulilegea, ukawa kama uso wa mtu anayetazama mtoto mgonjwa akichezea kijiko.

“Iko vizuri munamuchezesha,” akasema kwa upole. “Mungu awabariki. Na kule nyumbani watoto watamuchezesha.”

Fanny akainamisha kichwa. Akatazama karata zake. Maua sita, asi na mfalme wakiwa mbele, na zaidi ya hayo takataka tupu. Upande wa pili Nicolas alikwisha kufungua ahadi ya bila turufu, yaani bila namna yenye kuzishinda nyingine. Maana yake alikuwa na mkono mzuri. Siku nyingine Fanny angetulia hapo chini. Lakini shemeji amekaa pale na huruma yake, na mdomo wa Fanny ukamtangulia: akapandisha ahadi mpaka duru tisa, bila turufu. Assumani akapita. Josée akapita. Ikawa imekwisha, na Fanny akatamani kuimeza ahadi yake. Kwa nini hukunyamaza? Sasa ni Nicolas, aliyeifungua, wa kuitimiza mbele ya kaka yake.

Josée alitoa bibi wa piki. Fanny akafunua karata zake, mgeni wa leo. Nicolas akaweka mkono juu ya goti.

Maji ya mvua yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye mabati. Mtu alipita njiani akiuza kwanga, mkate wa muhogo, akaita mara kadhaa, akapotea. Nicolas alikuwa hajatikisika.

“Amelala?” Zacharie akanong'ona.

“Anafikiri,” Assumani akajibu. “Musimukatize.”

“Macho iko wazi lakini mutu haiko ndani. Nawaambia, nimeona wagonjwa.”

Fanny hakuweza. Aliinama mezani. “Papa Benie, anza na ile...”

“Mgeni hasemi!” Josée akamkata.

“Bon,” akasema Zacharie. Alisimama, akamgeukia shemeji yake, na safari hii hakunong'ona. “Semeki, miye si mutoto. Nimekuangalia tangu nimefika. Nilimusalimu, weye njo ulijibu. Anaulizwa, weye njo unasema. Sasa hata karata ni weye unamuchezea. Sikulaumu. Unampenda, donc unamufunika. Lakini usinifunike na miye macho.”

Neno hilo lilimwingia Fanny kwa sababu lilikuwa kweli. Tangu ugonjwa alikuwa akimmalizia mume wake kila sentensi, ili watu wasione pengo. Alifikiri anaziba tundu. Kumbe alikuwa ameziba mlango.

Akasimama, akakivuta kiti chake nyuma.

“Yaya, kaa hapa.”

“Miye? Sijue huu mchezo.”

“Njo maana ukae. Hujue kitu, donc huwezi kumusaidia. Zile karata ziko wazi mezani. Akisema moja, unaitoa ile anasema. Miye naenda jikoni, huko sitaona.”

Zacharie akamtazama Assumani, kama mtu anayehofia kudanganywa sokoni.

“Kaa, Yaya,” Assumani akampangusia kiti vumbi. “Mgeni ni weye kweli kweli. Unatoa karata, unakunywa maji, hatukutumi kitu.”

Jiko la Fanny lilikuwa upande wa nyuma, chini ya mabati, likitengwa na baraza kwa ukuta mmoja. Ndizi zilikuwa zimeiva, kinu kilingoja. Akaushika mchi, hakuuinua. Angepiga mara moja tu asingesikia neno.

Akajaribu kuhesabu anachohesabu mume wake. Duru tisa. Mezani pana mbili za hakika, asi na mfalme wa maua. Kwake Nicolas labda nne, labda tano, hawezi kujua. Zilizobaki zitoke wapi? Zitoke kwenye maua madogo, hakuna pengine. Na mezani hapakuwa na karata nyingine yoyote kubwa ya kuingilia. Ni maua yenyewe tu. Ni ule ule mkono wake wa siku ya watoto wa njaa! Akianza na asi na mfalme, amekwisha.

“Pi... ki,” sauti ya Nicolas ikasikika. “Yoyote.”

“Hii?”

“Njo hiyo, Yaya,” Assumani akasema. “Umetoa vizuri. Umezaliwa kuwa mgeni.” Karata zikagonga meza. “Bon, amezoa na mfalme wake. Moja.”

Kidogo kikapita. Kisha karata moja ikadondoka, nyepesi.

“Mbili ya maua,” Assumani akaendelea kumweleza mgeni. “Na Mama Josée anatupa nane. Sasa ni weye, Yaya. Ngoja aseme.”

“Aseme nini? Nane ni kitu gani? Si hii asi hapa? Si mulisema asi inakula wote? Nicolas, natoa hii!”

Fanny aliufunga mdomo wake kwa kiganja.

“Nd...” Nicolas alianza.

“Asi, si ndiyo? Asi?”

“Ndo... go.”

“Ndogo? Tatu hii? Nicolas! Tuko na asi, tuko na mfalme, wanatupiga na nane, na weye unasema ndogo?”

“Ndogo.”

Karata ikawekwa kwa hasira, meza ikatikisika. Assumani akaizoa duru ile kwa kumi yake. Kiti kikakwaruza sakafu.

“Nimeona,” Zacharie akasema, na sauti yake ilikuwa imepasuka katikati. “Imetosha. Mutu mwenye nguvu yote mezani, anaiacha inaoza, anashindwa na mutoto. Nilikuja na tumaini, munielewe. Nilitaka nikute watu wamesema uongo. Kesho tunashuka naye. Mama Benie! Umufungie nguo.”

Nyuma ya ukuta Fanny alitaka kutoka mbio. Lakini masikio yake yalikuwa yamelipokea lile neno, na kichwa chake kilikuwa kinaligeuza. Ndogo. Ameitoa duru moja kwa makusudi, mapema, asi na mfalme wakiwa bado wamekaa. Kama amebakiza ua moja mkononi mwake... Hata moja tu. Akauegemeza mchi ukutani taratibu ili usianguke.

Kikasikika kishindo cha kiganja juu ya meza.

“Kaa!”

Neno lilitoka zima, bila mwanya ndani yake. Tangu asubuhi ile ya viatu hakuna aliyewahi kusikia neno la Nicolas likitoka hivyo. Zacharie alikaa. Fanny alisikia kiti kikimpokea.

“Bon,” Assumani akasema, safari hii bila mzaha. “Miye narudisha piki.”

“Nayo anazoa na asi yake,” akasema Josée. “Mbili.”

Kisha karata nyepesi tena.

“Sita ya maua,” Assumani akasema polepole. Halafu akacheka, cheko la mtu aliyekamatwa. “Ah, Papa Benie. Ah, weye muzee ni mubaya. Mama Josée, umeona?”

“Nimeona. Nilianza kuona.”

“Munaona nini?” Zacharie akauliza.

“A... si,” Nicolas akasema.

“Sasa njo asi? Sasa?”

“Toa, Yaya, toa.”

Ikatoka. Tisa ya Josée ikaenda nayo, kijana wa Assumani akaenda nayo.

“Mfalme.”

“Na bibi wangu huyo anakufa,” Josée akalalamika. “Aende salama.”

“Saba.”

Zacharie akaitoa saba, akangoja ipigwe. Haikupigwa. Assumani alitupa piki, Josée akatupa moyo, na saba ikazizoa zote.

“Kwa nini hamuipigi?”

“Na nini? Maua yote imekwisha kwetu, Yaya. Hapa hata ua la kanisa hatuna.”

“Ta... no.”

Ikazoa.

“Nne.”

Ikazoa. Zacharie aliishika ile nne kwa ncha za vidole, akaitazama mbele na nyuma, kama samaki mdogo aliyetoka majini na mkufu wa dhahabu. Nicolas akaita moyo kutoka mezani na kuufuata kwa asi yake, kisha akaweka asi ya karo, kisha akazisukuma karata zilizobaki mbele yake, hana haja nazo tena.

“Tisa,” Josée akahesabu. “Aliahidi tisa, ametoa tisa. Hakuna iliyozidi, hakuna iliyopungua.”

Fanny alikuwa amefika pembeni ya ukuta bila kujua. Aliona mgongo wa shemeji yake umeinama juu ya meza. Zacharie alikuwa ameirudisha ile tatu ndogo ya maua kutoka kwenye rundo la Assumani, ameiweka peke yake mbele yake, na anaitazama.

“Hii,” akasema. “Hii ya kwanza. Haikuwa makosa?”

Nicolas alimtazama. Midomo ikaanza kujipanga.

“Alikuwa anataka...” Assumani akaanza kueleza.

Zacharie akainua mkono mkubwa. “Umuache.”

Akangoja. Ilikuwa vigumu kwake. Mguu wake ulikuwa unagonga sakafu kama injini inayongoja kuondoka. Lakini alingoja.

“Baba,” Nicolas akasema. “Mayi... ikipungua.”

Zacharie hakumsaidia.

“Pirogue... tupu... inatangulia.”

Zacharie aliweka kiganja chake juu ya ile karata. Alipoanza kusema alikuwa anawaambia wale wengine wawili, lakini macho yake hayakutoka kwa mdogo wake.

“Baba yetu alikuwa na pirogue mbili, mitumbwi ya mbao,” akasema. “Wakati wa kiangazi muchanga unahama mu mutoni, leo iko hapa, kesho iko kule. Wenzake walipakia zote mbili wanashuka, na zote mbili zinakwama. Yeye alituma moja tupu. Inakwenda, inagonga muchanga, inarudi bila kitu. Watu walimucheka: ‘Muzee, umepoteza safari!’ Halafu ile ya pili inapakia, inapita pale pale mahali njia imejulikana. Inapita na kila kitu.” Akamwashiria Nicolas kwa kidevu. “Tulikuwa wadogo. Huyu hapa alikuwa mudogo kabisa, alikuwa anakaa mbele na kuitoa mayi kwa kopo. Miye nilikwisha sahau. Miye mwenye mashua! Nilikwisha sahau.”

Fanny alikuwa ameolewa na Nicolas tangu Benie hajazaliwa, na sasa Benie ni mwalimu kule Opala. Hakuwahi kuisikia habari ya kopo. Alijiuliza ni mangapi mengine yamo mle ndani, ambayo yeye aliyapita mbio akimmalizia sentensi.

“Nicolas,” Zacharie akasema. “Nikuulize weye, si mutu mwingine. Dada zako wamesafisha chumba. Wameweka kitanda karibu na dirisha. Wanakulilia. Unataka kushuka na miye, ao unabaki?”

Assumani akatazama paa. Josée akatazama mikono yake. Fanny alikuwa na jibu tayari ulimini, zima, limepangwa, akaliuma. Alikuwa hajui kwa yakini mume wake atasema nini, na hilo lilikuwa jipya na lilimwogopesha kuliko yote. Huenda angetaka dirisha lile. Huenda angetaka mto. Ilikuwa haki yake kuutaka.

Mabati yaliacha kudondoka. Upande wa pili wa njia jirani alikuwa anamwita mtu aje ale.

“Na... baki,” Nicolas akasema.

Fanny akashusha pumzi, lakini Nicolas alikuwa hajamaliza. Aliinua kidole cha mkono wa kushoto wasimkimbilie.

“Nitakuja... kusalimu. Na Mama Benie. Tunarudi... wote wawili.”

“Wote wawili,” Zacharie akakubali. Alijifuta uso wote kwa kiganja, kutoka paji hadi kidevu. “Bon. Watanitukana miye. Walisema nirudi naye, nitarudi na maneno. Dada yetu Aziza atasema umeniloga na makaratasi.”

“Umwambie kweli,” Assumani akasema. “Umwambie ulikaa mezani na ulizoa duru tano na maua.”

“Si miye nilizoa. Miye nilitaka kutoa asi!”

“Tunajua. Mutaa yote ilisikia.”

Walicheka, na Nicolas naye alicheka, upande mmoja wa uso ukitangulia na mwingine ukifuata kadiri ulivyoweza. Fanny alitoka kwenye pembe ya ukuta. Alitaka kukirudia kiti chake. Zacharie akamwona, lakini hakuinuka.

“Semeki, ngoja kidogo,” akasema. “Nisamehe. Nina shida moja na huyu.”

Akakisogeza kiti mpaka magoti yake yakakaribia ya mdogo wake, na sauti yake, kwa mara ya kwanza siku hiyo, ikashuka ikawa ya nyumbani.

“Nicolas, sikia. Injini yangu imezeeka. Nahodha mwenzangu Bilali anataka tuunganishe mashua yake na yangu, tufanye moja kubwa, tusafiri pamoja hadi Isangi. Watu wote wanasema nikubali. Miye usiku sipati usingizi, na sijui kinachonisumbua. Nilikuwa sina mutu wa kumuuliza. Uniambie. Usifanye haraka.”

Nicolas aliweka mkono wa kushoto juu ya goti, akatazama mbele yake. Josée akazikusanya karata bila kuzipiga, ili zisilie. Fanny akarudi jikoni, akaleta maji ya kunawa na sabuni, akayaweka karibu na mguu wa shemeji yake. Hakumwuliza mtu chochote. Alivuta kigoda, akakaa mahali anapouona uso wa mume wake, akangoja kama wengine.